Jimu Amekatwa Mkia

"Panya?" Bibi aliuliza, akaurudisha mkono haraka ndani ya buibui. "Unataka nishike panya?"

Kwa Kiarabu kile kidude cha kusogezea mshale kwenye kioo cha kompyuta huitwa faara, yaani panya, nami nilikuwa nimelitamka neno hilo kwa madaha yote ya mwalimu aliyekesha akijitayarisha. Wanawake 11 wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Kwake yeye panya ni yule anayetoboa magunia ya shayiri ya mbuzi, na hakuona kwa nini atoke kwake asubuhi kuja kushikishwa panya na mtoto wa mjini. Akahamia mkekani, akaegemea ukuta. Kwa wiki kadhaa alikuja kila siku ya darasa, akakaa palepale, akatutazama.

Hapo ni Bidiyah, ukingoni mwa mchanga wa Sharqiyah, Oman, zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat. Wengi bado wanauita mchanga wa Wahiba, kwa jina la kabila la Mabedui wa huko. Ni bahari ya mchanga hasa: kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na 80 kwa upana, na vilima vingine vinafika mita 100. Wenyewe wanafuga ngamia na mbuzi. Serikali imewajengea nyumba za matofali ukingoni, zinaitwa shaabiya, na chumba kimoja cha nyumba hizo ndicho tulichopewa. Ndani yake kompyuta sita za mezani, mitumba zote, zawadi ya kampuni moja ambayo sitaitaja.

Mimi nilifikaje huko? Nilizaliwa Unguja. Nilikuwa na miaka 16 tulipohamia Muscat, miaka ya 1980. Watu wa Pwani mnaijua hadithi yenyewe: asili yetu ni upande wa Ibra, hukohuko Sharqiyah, babu wa babu akapanda jahazi kufuata riziki ya karafuu, vizazi vikapita. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje, ndugu wakatangulia mmoja mmoja mpaka zamu yetu ikafika. "Tumerudi," alisema baba uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa sijawahi kufika.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Qurani. Juzuu Amma nilikuwa nimeihifadhi yote, lakini dukani sikuweza kuomba chumvi. Mtoto wa jirani, wa miaka sita hivi, alinisahihisha mbele ya watu na watu wakamsifu mtoto. Nikapelekwa darasa la jioni pamoja na akina mama wa makamo, mimi msichana katikati yao, nikijifunza kusema "mlango umefungwa". Kwa hiyo miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasomesha kompyuta skuli moja ya Ibra na akina mama wa Bidiyah wakaomba mwalimu wa siku za mapumziko, nilijiona ndiye hasa. Nani anaijua aibu ya mtu mzima darasani kunishinda mimi?

Kwa Kiswahili darasa la namna hii lina jina lake, ngumbaru. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Bara wazee kwa vijana wakatoka na madaftari. Mwaka huohuo Oman nzima ilikuwa na skuli tatu, wanafunzi wapatao 900, wavulana watupu. Sultani mpya alisema watoto watasomeshwa hata chini ya kivuli cha mti. Sasa piga hesabu. Msichana wa kibedui aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule, skuli ilipofika jirani na kwao alikuwa keshaolewa, ana watoto na mbuzi. Kisomo cha watu wazima nacho kilianza mapema, miaka hiyohiyo ya 1970, lakini darasa halihami na wao wanahama.

Kiarabu huita kazi hiyo kufuta uummi, yaani hali ya kutojua kusoma na kuandika. Niliyaandika maneno hayo ubaoni siku ya kwanza, kwa herufi kubwa. Mama mmoja akataka kujua pameandikwa nini, nikamsomea.

"Mtume alikuwa ummi," akasema, wala si kwa ukali.

Nikafuta ubao.

Mtaala wangu niliutunga Ibra, chini ya kiyoyozi. Wiki ya kwanza sehemu za kompyuta, ya pili kuwasha na kuzima, na mkono ungezoea panya kwa ule mchezo wa karata uliokuja na mashine. Wa kwanza kuziona karata kwenye kioo aliniuliza kama nimekuja kuwafundisha kamari. Karata zikaondoka siku hiyohiyo. Halafu, kwa akili zangu zote, tulianza mwezi wa Mei, kwa sababu ndipo kompyuta zilipofika. Mwezi wa Juni nikaendesha gari kutoka Ibra nikakuta mlango umefungwa na mbuzi mmoja amelala kizingitini. Joto likichacha watu wote wanahamia mashamba ya mitende kuvuna tende, na hilo Sharqiyah halihitaji kuulizwa. Mimi mtoto wa visiwa vya karafuu, ninayejua msimu unavyolitia pengo darasa, sikuuliza.

Tulianza upya Oktoba. Walirudi saba, na Bibi wa mkekani wa nane. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali, laini kama unga wa sembe, kibodi zikibonyezwa zinalia kama mtu anayetafuna changarawe. Mashine mbili hazikuwaka tena. Wiki iliyofuata mmoja wa akina mama akaja na vitambaa alivyofuma mwenyewe kwa sufu, vyenye mistari myekundu na myeusi na vishada pembeni, vya aina ileile wanayompambia ngamia wa mashindano. Tangu siku hiyo kompyuta zetu zilikuwa zinavuliwa nguo kabla ya somo na kuvikwa baadaye.

Badala ya karata nikawafungulia ile programu ya kuchorea. Chora chochote, niliwaambia, zoeza mkono tu. Binti mmoja akavuta mstari mmoja wa wima, umepinda kidogo.

"Hiyo ni matrak," sauti ikatoka mkekani.

Kila ukoo una wasm wake, alama wanayomchoma ngamia kwa chuma cha moto. Mstari mmoja huitwa matrak, fimbo. Duara ni halka. Na alama peke yake haitoshi, lazima ujue imekaa wapi: fimbo ya shingoni ina wenyewe, fimbo ileile ya pajani ni ya watu wengine kabisa. Bibi alieleza haya huku keshasimama, keshafika mezani, na kabla sijasema kitu mkono wake ulikuwa juu ya panya. Alimshika kama mtu anavyokandamiza kitu kisikimbie. Akachora fimbo, akachora halka iliyofanana zaidi na yai, akataja ni ngamia wa nani na baba yake aliwanunua kwa nani. Nilitaka kumkatiza nimfundishe kubadilisha rangi. Namshukuru Mungu nilinyamaza.

Aliponyamaza yeye, nikaonyesha ile fimbo. "Hii ni alifu."

"Hii ni matrak."

"Shingoni ni matrak. Kwenye karatasi ni alifu."

Akanitazama kupitia barakoa. (Nasema barakoa ile ya asili, ya kitambaa kigumu chenye ukingo unaoshuka juu ya pua, ambayo mabibi wa kiarabu wa Unguja nao walikuwa wakivaa, siku hizi neno hili limebaki la hospitali.) "Basi ni ileile," akasema, "imehamia."

Somo la herufi likaanzia hapo. Aliyesoma chuoni anajua herufi za Kiarabu zinavyomtesa mtu: ziko 28, na nyingi zina sura nne, ya mwanzo, ya kati, ya mwisho na ya peke yake. Mtoto wa miaka sita huzimeza bila kutafuna. Mtu mzima huona amedanganywa; jana ulimwambia hii ni haa, leo unamwonyesha kitu kingine kabisa unamwambia nacho ni haa. Nilikuwa na chati kubwa ukutani yenye sura zote nne, na kila mtu alikuwa akiketi mahali asipoiona.

Kwenye kibodi kila herufi ina sura moja tu. Nilimwambia Bibi atafute jimu. Ilimchukua muda, kidole kikipita juu ya vitufe kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika kundi la mbuzi wa watu wengine. Akaibonyeza. Ikatokea kwenye kioo na tumbo lake na mkia wake wote. "Sasa mimu," nikamwambia. Akaibonyeza.

"Haa!" Akaruka. "Jimu amekatwa mkia!"

Na ni kweli. Mimu ilipokuja kushikana nayo, ule mkia ulipotea na jimu ikanyosha mkono kuipokea jirani yake.

"Kamkata nani?"

"Mimu," nikajibu.

Akaniuliza kama unaweza kurudishwa. Nikamwonyesha kitufe cha kufutia. Akafuta mimu, mkia ukarudi. Akaandika mimu, mkia ukakatika. Alifanya hivyo sijui mara ngapi, wenzake wote wamemzunguka, wanauangalia mkia wa jimu ukikatwa na kuota. Kisha nikamwongezea lamu mwishoni, nikamsomea: jamal. Ngamia. Pakawa kimya, halafu kila mtu akataka kiti.

Nilikuwa nimesomesha kompyuta miaka saba bila kukiona kitendo kile. Macho yangu yalikuwa yamezoea herufi zijiunge zenyewe. Mpaka leo nikienda semina naambiwa kwamba mtu mzima afundishwe herufi kwanza, kompyuta baadaye, akishaiva. Nawasikiliza tu. Wale wanawake walijifunza kusoma kwa sababu mashine iliwaonyesha herufi ikibadilika mbele ya macho yao, na walipotaka ikarudi ilivyokuwa, bila mtu wa kuwacheka. Tarakimu, kwa taarifa yenu, sikuwafundisha hata siku moja. Walizijua kutokana na simu za mkononi. Bibi aliwatambua watoto wake wote kwa tarakimu mbili za mwisho: "Arobaini na moja amenipigia, anasema mvua imenyesha kwao."

Sasa nifike kwenye lile nisilopenda kulisimulia.

Ile kampuni iliyotoa mashine iliniandikia kwamba inataka picha za darasa kwa ajili ya jarida lake. Ikaleta karatasi ya ruhusa, ukurasa mmoja, pa kutia saini mwalimu kwa niaba ya wanafunzi. Nilijua vizuri habari ya picha na wanawake wa kule; tulikuwa tumeziba kwa plasta hata zile kamera ndogo za juu ya vioo. Nikaona nimepata ujanja: mikono tu. Mikono kwenye kibodi, hakuna uso, hakuna jina. Nikawaambia akina mama kwamba atakuja mtu kupiga picha mashine. Nikatia saini. Mpiga picha akaja Alhamisi, ambayo wakati huo ilikuwa siku ya mapumziko Oman, akapiga, akashukuru, akaenda zake.

Picha zilitoka nzuri sana. Mkono wenye hina, vitufe, na pete kubwa ya fedha ya kazi ya zamani. Pete ya namna ile inajulikana ni ya nani kama wasm unavyojulikana. Shemeji wa yule mama aliiona gereji, akisubiri gari lake, jarida liko mezani.

Alhamisi iliyofuata nilikuta kompyuta zimevikwa nguo zake na mtu mmoja tu chumbani, yule binti wa mstari. Alikuja kunipa ufunguo.

Nilimwomba mume wangu anipeleke. Mwisho wa lami tulisimama akapunguza upepo wa magurudumu yote manne, maana bila hivyo gari linazama, na tukaingia mchangani tukifuata alama za magurudumu ya wengine. Bibi alikuwa kwenye kambi yao chini ya miti ya ghafu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, kwa Kiarabu safi, irabu zote mahali pake.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Mgeni kwanza anakaa, anapewa tende, halafu kahawa yenye iliki kwenye kikombe kisicho na mkono, na akitosheka anakitikisa. Kisha zinakuja habari. "Shei ulumu?" Kuna habari? Na jibu ni moja: "Ma shei ulumu." Hakuna. Hata kama nyumba imeungua, kwanza hakuna habari. Mswahili hawezi kushangaa, maana sisi nasi husema njema, njema kabisa, ila tu mjomba tulimzika jana. Basi tukaulizana na kujibizana kwamba hakuna habari, mimi na Bibi, habari yenyewe imekaa katikati yetu kama jiko.

Kikombe cha tatu ndipo alipoanza yeye, akiniita Abla, yaani mwalimu.

"Abla, ile karatasi yao. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Na sisi mbona hukutusomea?"

Nikasema nilidhani haina neno, ni mikono tu. Akanijazia kikombe nilichokuwa nimekitikisa.

"Nikiuza ngamia," akasema, "mwanangu ananiambia, mama, weka dole gumba hapa. Naweka. Nikienda kwenye ofisi, karani ananiambia, bibi, weka hapa. Naweka. Mimi nilikuja kwako kwa sababu ya kidole hiki." Akakiinua. Kilikuwa na hina iliyofifia na kovu la kuungua. Hakuongeza neno, akaanza kuniuliza habari za wanangu.

Usiku ule tukirudi sikulia kwa sababu ya picha. Mtaala niliutunga mimi, miezi niliichagua mimi, na saini nikaitia mimi. Nilijisifu kwamba naijua aibu ya ngumbaru, kumbe niliijua yangu.

Yule mama wa pete hakurudi tena, na wengine wawili pia. Kampuni niliiandikia, wakanijibu kwa heshima kwamba ruhusa ilikuwa imetolewa. Ni kweli, ilikuwa imetolewa.

Nilipofungua tena darasa nilikuwa na nakala za karatasi ile, moja kwa kila mtu. Tukaisoma neno kwa neno. Ilituchukua wiki tatu. Kwenye neno "kwa niaba" tulikaa siku nzima, kwa sababu walitaka kujua niaba ni kitu gani, inatolewa na nani, na mtu akishaichukua anairudisha vipi. Baada ya hapo sikutunga mtaala. Kila mmoja alikuja na karatasi yake iliyomkalia moyoni: bili ya umeme, kijikaratasi cha dawa ya sukari, barua ya benki iliyokaa sandukuni miaka miwili, hati ya kuuziana ngamia. Karatasi ikisomeka, tunaiandika upya kwenye kompyuta, na aliyeileta ndiye anayebonyeza.

Somo lililopendwa kuliko yote nililipata kwa bahati. Wanawake hawa wanaendesha. Utawaona wamekamata usukani wa pikapu, matangi ya maji nyuma, barakoa usoni. Mmoja alisikia kwamba faini za barabarani zinaonekana kwenye tovuti ya polisi. Tukajaribu namba ya gari lake, ikatoka faini moja. Tukajaribu ya mumewe. Zikatoka nyingi, na moja ilikuwa ya mji wa mbali, tarehe ambayo mume alisema alikuwa kwenye mashindano ya ngamia. Sijui yaliyosemwa nyumbani kwao jioni ile. Najua kwamba wiki iliyofuata nilikuwa na wanafunzi wapya wanne, wote wameandika namba za magari kwenye viganja.

Miaka imepita. Darasa lile halipo tena, mashine zilichoka, nami nimehamia Muscat. Simu za kisasa zikafika mpaka chini ya mighafu, na hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia: wanafunzi wangu wakaacha kuandika. Kuna ujumbe wa sauti, unabonyeza, unasema, unatuma. Mbuzi wanasikika nyuma, upepo unasikika. Siwezi kusema haikuniuma kidogo. Jasho lote lile la jimu na mkia wake, halafu kitufe kimoja chenye picha ya maikrofoni.

Bibi peke yake ndiye anayeandika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukituma sauti, wote waliokaa naye huyo mtu wanakusikia. Na mambo yake si ya watu wote.

Ramadhani iliyopita, baada ya futari, simu ikalia. Maneno mawili, la pili ameikosea herufi ya aini, ameweka hamza. Shei ulumu?

Nikamjibu: Ma shei ulumu.

Nikaona juu ya kioo: anaandika. Ikapotea. Ikarudi: anaandika. Nikaenda kuweka birika la chai jikoni, nikajua nina muda.